Kabla ya kumwambia ajikaze, mwulize amekula saa ngapi

Mhariri,

Ushauri anaopewa karibu kila anayepunguza uzito ni huu: njaa ni ya kawaida, kunywa maji, jikaze, baada ya wiki utazoea. Mwenye insulini (homoni inayoongoza sukari ya damu) inayofanya kazi vizuri huenda akavuka nao. Lakini mwenye usugu wa insulini, kisukari cha aina ya 2, ugonjwa wa PCOS (ule wa vifuko vingi kwenye ovari) au tezi ya thairoidi iliyolegea, akiufuata hivyo hivyo, mara nyingi hushinda vizuri mchana kutwa kisha hushindwa saa 4 usiku, amesimama mbele ya friji anakula bila kukaa. Kesho yake anaambiwa hana nidhamu.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako niseme jambo moja. Njaa hazifanani, na kinachozitofautisha zaidi ni muda uliopita tangu mtu ale, kuliko ukali wake. Anayerudiwa na njaa baada ya saa 2, anayeipata baada ya saa 5, anayeipata usiku tu na anayeipata huku mikono inatetemeka ni watu wanne wenye njaa nne mbalimbali. Ukiwapa wote jibu la "jikaze", watatu utawakosea, na mmoja wao unaweza kumwangusha barabarani.

Nianze na yule wa saa 2, kwa sababu ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Mtu akila wanga, sukari hupanda kwenye damu na kongosho hutoa insulini, ambayo huamuru misuli na mafuta ya mwili kuivuta sukari hiyo na ini kuacha kumwaga yake. Kwenye usugu, amri haisikiki vizuri, basi kongosho hupaza sauti: hutoa insulini nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Ndiyo maana kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kinaweza kusoma vizuri kwa miaka, na mtu akaambiwa yuko salama, huku insulini yake ikiwa juu siku nzima. Ngozi iliyokolea weusi na kuwa kama mahameli shingoni au kwapani ni dalili mojawapo ya hali hiyo, na wengi huisugua kwa sabuni wakidhani ni uchafu. Sasa, kwa baadhi ya watu hao insulini hiyo nyingi hufika imechelewa, wakati sukari imeshaanza kuteremka yenyewe, na huisukuma chini zaidi. Hapo mwili hudai chakula, na haudai mboga, unadai kitamu.

Hili haliko kwa wagonjwa peke yao. Mwaka 2021 watafiti wa PREDICT, mradi wa utafiti wa lishe ambao King's College London ni mshiriki wake mkuu, walichapisha matokeo ya watu 1,070 wasio na kisukari waliovaa vipima sukari vya kubandika mwilini. Walipewa vifungua kinywa vilivyopangwa kwa kipimo. Wale ambao sukari yao ilishuka sana kati ya saa ya 2 na ya 3 baada ya kula waliona njaa zaidi, wakala tena kama nusu saa mapema kuliko wenzao, na mpaka siku inaisha walikuwa wamekula wastani wa kalori 312 zaidi. Mteremko wa sukari ulitabiri njaa vizuri kuliko kilele chake. Kama watu wazima wa afya wanasukumwa hivyo, mwenye usugu wa insulini asiambiwe kwamba njaa yake ya saa 3 na nusu asubuhi ameibuni.

Tuchukue kifungua kinywa kimoja tukifungue. Vipande 2 vya mkate mweupe vilivyopakwa kijiko cha jemu, chai yenye vijiko 2 vya sukari, na glasi ya juisi ya machungwa ya ml 250. Hapo kuna wanga wa gramu 75 hivi, protini gramu 5 au 6, nyuzinyuzi karibu hakuna. Kalori ni kama 350. Aliyekula hivyo saa 1 asubuhi atakuwa anatafuta kitu kabla ya saa 4. Sasa weka mayai 2, mtindi mzito usio na sukari gramu 150, kipande 1 cha mkate wa ngano isiyokobolewa, nyanya na mboga za majani kadiri atakavyo, na chungwa zima lililomenywa badala ya kukamuliwa. Protini imefika gramu 30, wanga umeshuka hadi gramu 35 au 40, nyuzinyuzi ni gramu 6 au zaidi. Kalori zimekuwa kama 400, yaani mtu amekula zaidi kidogo, lakini njaa inasogea hadi saa 6 mchana. Anayehesabu kalori tu hawezi kueleza kwa nini.

Kuhusu juisi, wengi hawaamini mpaka waonyeshwe. Jaribio la zamani lililochapishwa Uingereza mwaka 1977 liliwapa watu 10 tufaha kwa namna tatu: zima, lililopondwa, na juisi yake, wanga ukiwa sawa, gramu 60. Juisi ilimalizika mara 11 kwa kasi zaidi ya tunda zima, ilishibisha kidogo kuliko zote, na baada yake sukari ilidondoka chini ya ilipoanzia, jambo ambalo halikutokea kwa tunda zima. Tunda ni lilelile. Kilichobadilika ni meno kukosa kazi, na nyuzinyuzi kuvunjwavunjwa au kuondolewa.

Kiasi cha protini ndipo mipango mingi ya kupunguza uzito inapobomokea, na inabomoka kwa namna ileile. Mtu anaambiwa apunguze chakula, anapunguza sahani yote kwa nusu. Wali umekuwa nusu, sawa. Lakini na samaki amekuwa nusu, na maharage nusu. Protini iliyokuwa gramu 24 imekuwa 12, na ndiyo iliyokuwa inachochea utumbo kutoa homoni za shibe, GLP-1 na PYY. Amepunguza breki pamoja na mwendo. Lengo linalofaa kwa watu wazima wengi ni gramu 25 hadi 30 za protini kwenye kila mlo mkuu, kuanzia ule wa kwanza. Kwa kipimo cha jikoni: yai 1 lina gramu 6, kuku au samaki aliyepikwa, kipande cha gramu 100, kina 22 hadi 30, kikombe cha maharage yaliyoiva kina 15, cha dengu 18, mtindi mzito uliochujwa una 9 au 10 kwa kila gramu 100, ila mtindi wa kawaida una 3 hadi 4 tu, na tofauti hiyo huwapotosha wengi. Pima chakula kikiwa kimepikwa, kwa sababu gramu 100 za maharage makavu na gramu 100 za maharage yaliyoiva ni vitu viwili mbalimbali kabisa. Mwenye ugonjwa wa figo asifuate hesabu hii. Kiwango chake cha protini hupangwa na daktari wake.

Kinachopaswa kupungua kwenye sahani ni wanga uliokobolewa. Nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga, na juu yake kijiko 1 cha chakula cha mafuta, si zaidi, kwa sababu kijiko hicho kina kalori 120 peke yake. Kuondoa mafuta yote nako ni kosa: chakula kisicho na mafuta kabisa hutoka tumboni haraka.

Mpangilio wa kula una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha tiba cha Weill Cornell, New York, waliwapa wagonjwa 11 wa kisukari cha aina ya 2 mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku ya kwanza walianza na mkate na juisi, wakamalizia kuku na mboga robo saa baadaye. Siku nyingine wakageuza. Walipoanza na mboga na kuku, sukari ilikuwa chini kwa asilimia 29 baada ya nusu saa, 37 baada ya saa moja na 17 baada ya saa mbili, na insulini nayo ilikuwa chini. Hawakuondolewa tonge hata moja. Nyumbani si lazima kusubiri robo saa. Maliza mboga, ingia kwenye protini, wanga uje mwisho. Ugumu pekee ni kwa chakula kilichochanganywa sufuria moja, na hapo kinachosaidia ni bakuli la saladi au supu ya mboga kabla.

Nyuzinyuzi ziongezwe, mtu mzima afike gramu 25 hadi 30 kwa siku, lakini kwa hatua za gramu 5 kwa wiki. Anayetoka gramu 10 hadi 30 kwa siku moja hujaa gesi, tumbo likamsokota, akaapa kwamba maharage hayapatani naye. Yanapatana naye, ni haraka iliyomponza. Maji yaongezwe pamoja nazo, la sivyo choo kinakuwa kigumu.

Hapa niwatetee viazi, maana orodha za vyakula vilivyokatazwa kwa mwenye usugu wa insulini huanza navyo. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima jinsi vyakula 38 vinavyoshibisha kwa kalori sawa, mkate mweupe ukipewa alama 100. Viazi vya kuchemsha viliongoza vyote kwa 323. Mkate wa siagi wenye umbo la mwezi mchanga, ule wa Kifaransa, ulipata 47. Walipimwa kwa saa 2 tu na walikuwa watu wenye afya, kwa hiyo hesabu hiyo haimruhusu mwenye kisukari kula sahani ya viazi vitupu. Inachoonyesha ni kwamba kiazi kimoja cha kuchemsha chenye ukubwa wa ngumi, kikiliwa mwishoni baada ya samaki na mboga, kinaweza kumlinda mtu na njaa kuliko biskuti tatu zilizoandikwa "za wenye kisukari" kwenye pakiti. Viazi vilivyokaangwa ni habari nyingine.

Ushauri wa kula "kidogo kidogo mara sita" nao unahitaji kupingwa waziwazi. Ulienea kwa nia njema, kwamba sukari isishuke. Lakini kila mlo mdogo wa wanga huamsha insulini upya, na milo sita maana yake ni nafasi sita za kuacha kula kabla ya kushiba. Mwaka 2014 watafiti wa Prague walichapisha jaribio la watu 54 wenye kisukari cha aina ya 2 waliokula kalori zilezile, kwa wiki 12 katika milo 6 midogo na wiki 12 katika milo 2 mikubwa, ya asubuhi na ya mchana. Uzito ulipungua zaidi kwenye milo miwili. Sisemi kila mtu ale mara mbili. Milo 3, iliyoachana kwa saa 4 hadi 5, inawatosha wengi, na kama pengo la mchana hadi jioni ni refu kuliko hapo, weka kitu kimoja chenye gramu 10 hadi 15 za protini: mtindi mzito, au yai na kiganja cha karanga. Kiganja, si bakuli, kwani gramu 30 za karanga zina kalori 170. Asiyepaswa kuchezea ratiba ni anayechoma insulini ya mchanganyiko au anayemeza vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini. Huyo ratiba yake hupangwa pamoja na dozi.

Njaa ya saa 4 au 5 baada ya mlo wa kushiba si tatizo. Ghrelini, homoni ya njaa inayotoka tumboni, iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, hupanda kabla ya saa ambazo mtu amezoea kula na kisha hushuka hata asipokula. Huja kama wimbi. Anayekula biskuti kila siku saa 10 jioni ataiona njaa saa 10 jioni, na akibadilisha ratiba, wimbi huhama ndani ya siku kadhaa. Hapo ndipo "kunywa maji usubiri dakika 20" inapofanya kazi, na kama njaa ikipita, ilikuwa wimbi. Tatizo la ushauri huo ni kupewa watu wasio wake.

Njaa ya usiku kwa kawaida huandaliwa asubuhi. Chukua mtu aliyepangiwa kalori 1,500. Hakunywa chai, mchana alikula saladi ya kalori 300, saa 12 jioni amebakiza 1,200 na mwili ambao haujapata protini ya maana tangu jana. Wengi humaliza usiku huo wakiwa wamekula 2,000. Tiba yake haiko kwenye kufunga jikoni kwa kufuli. Iko kwenye kuhamisha kalori 400 na protini gramu 30 kuzipeleka asubuhi, na kusubiri siku 4 au 5. Siku ya kwanza usiku bado utakuwa mgumu kwa sababu mazoea yapo.

Usingizi unaingia hapa. Jaribio la mwaka 2004 kwa vijana 12 wa kiume wenye afya, lililofanywa Chuo Kikuu cha Chicago, lililinganisha usiku 2 wa kukaa kitandani saa 4 na usiku 2 wa saa 10. Baada ya kulala kidogo leptini, homoni inayoiarifu akili kwamba akiba ya mafuta ipo, ilishuka kwa asilimia 18, ghrelini ikapanda kwa 28, na njaa yenyewe ikaongezeka kwa 24, hasa hamu ya vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mwenye PCOS au uzito mkubwa anayekoroma, anayeamka na kichwa kizito na kusinzia mchana, aulize kuhusu kukatika kwa pumzi usingizini. Hali hiyo humpata zaidi mwenye PCOS kuliko wanawake wengine, na hakuna mpangilio wa mlo utakaoishinda kama haijatibiwa.

Njaa ya kutwa nzima, isiyojali umekula nini, ina sababu ya kwanza iliyo rahisi: pengo la kalori ni kubwa mno. Kupunguza kalori 300 hadi 500 kutoka kiasi kinachouweka uzito palepale kunavumilika. Kuruka hadi kalori 800 kwa siku ni tiba yenye mahali pake, lakini chini ya daktari. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne walichapisha habari za watu 50 waliopewa mlo mdogo sana kwa wiki 10: mwaka mzima baadaye leptini yao ilikuwa bado chini, ghrelini bado juu, na njaa bado zaidi ya walivyoanza. Mwili hauoni haya kudai deni. Kwa mwenye PCOS habari njema ni kwamba haihitajiki kupungua sana. Asilimia 5 hadi 10 ya uzito mara nyingi hurudisha mpangilio wa hedhi na kupunguza usugu wa insulini. Mwenye kilo 90 ni kilo 4.5 hadi 9, na zikichukua miezi 6 hakuna aliyechelewa.

Kuna na njaa ya uongo inayowapata waliokata wanga ghafla. Siku 3 au 4 za kwanza insulini hushuka, figo huachia chumvi na maji, mizani inafurahisha kwa kilo 1 au 2, na mtu anaumwa kichwa, anakuwa mnyonge, kizunguzungu kinamkamata akisimama. Anadhani ni njaa, anakula wanga, anapona, anasema mwili wake hauwezi bila wanga. Alichokosa ni maji na chumvi. Bakuli la supu lingetosha. Ila mwenye shinikizo la damu, ugonjwa wa moyo au anayemeza dawa za kukojoa asijiongezee chumvi bila kuuliza, na kizunguzungu kwake kinaweza kumaanisha dozi ya dawa ya presha sasa imezidi.

Wanawake wenye hedhi inayokuja kwa mpangilio wataona njaa ikipanda wiki moja hivi kabla ya damu. Ni ya homoni, ipo. Ongeza kalori 150 hadi 200 kwa siku hizo, ziwe za protini na mboga, ukijua umezipanga, kuliko kupambana nazo kisha ukala 800 siku ya tano.

Sasa yule wa nne, wa mikono inayotetemeka. Hapa nisisitize hata kama nafasi ni finyu. Anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi, gliklazidi au glimepiridi (vile vidonge vinavyolazimisha kongosho kutoa insulini), akipunguza wanga bila dozi kupunguzwa, sukari yake itashuka kupita kiasi. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni njaa kali ya ghafla, pamoja na jasho la baridi, moyo kwenda mbio, kutetemeka, midomo kufa ganzi, hasira au kuchanganyikiwa. Huyo hasubiri dakika 20, wala hanywi maji. Anapima. Chini ya 3.9 mmol/L, yaani 70 mg/dL, anatumia gramu 15 za sukari ya haraka: kijiko 1 cha chakula cha sukari kilichojaa, kikakorogwa kwenye maji, au ml 150 za juisi, au vidonge 4 vya glukosi vya gramu 4. Anasubiri dakika 15, anapima tena, na kama bado iko chini anarudia. Ikishapanda, na mlo unaofuata uko mbali zaidi ya saa moja, anakula kitu chenye wanga na protini. Hana kipima sukari karibu? Atibu kwanza. Chokoleti haifai kwa dharura, mafuta yake huchelewesha sukari. Anayetumia akabosi, dawa nyingine ya kisukari, atumie glukosi tupu, kwani dawa hiyo huzuia sukari ya kawaida kuvunjwa haraka. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Na atakayerudiwa na hali hii mara mbili ndani ya wiki asijitibu kwa kula zaidi, kwani dozi ndiyo inayolisha njaa yake na uzito hautapungua hivyo. Ampigie aliyemwandikia dawa.

Metformini, dawa ya kisukari ambayo hupewa pia wenye PCOS, peke yake ni nadra kuishusha sukari hivyo, kwa hiyo mwenye PCOS anayeitumia na anatetemeka aangalie zaidi kifungua kinywa chake. Dawa za kisukari za kundi la gliflozini, kama empagliflozini na dapagliflozini, zina hatari nyingine: zikichanganywa na mlo usio na wanga kabisa au kufunga kwa muda mrefu, damu inaweza kujaa asidi ya ketoni hata kama sukari inasoma karibu na kawaida. Kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma na pumzi nzito kwa mtu wa namna hiyo ni safari ya hospitali, usiku huohuo.

Njaa pia huletwa na sukari kuwa juu. Sukari imejaa kwenye damu lakini haingii kwenye seli, nyingine inatoka na mkojo, mtu anakula na anakonda, ana kiu, anakojoa usiku kucha. Wapo wanaofurahia kupungua huko. Kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1 mmol/L pamoja na dalili hizo, huo ni ugonjwa unaotaka tiba, na mizani haina cha kusherehekea.

Mwenye thairoidi iliyolegea ana jambo dogo lenye uzito. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo, imezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa tupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa. Kahawa pia isubiri. Vidonge vya madini ya chuma au kalisiamu vikae mbali kwa saa 4. Aliyeongeza nyuzinyuzi nyingi ghafla anaweza kuhitaji kupimwa tena, kwani nazo hupunguza dawa inayofyonzwa. Na kinyume chake: njaa isiyoshiba, moyo unaodunda, joto na uzito unaoporomoka kwa anayemeza dawa hiyo vinaweza kumaanisha dozi imezidi. Prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, nayo huchochea njaa na kupandisha sukari, hasa mchana na jioni. Isikatizwe ghafla kwa sababu ya uzito, maana tezi zilizo juu ya figo huwa zimelala na kuzistua hivyo ni hatari.

Anayetaka kuijua njaa yake anahitaji daftari na siku 7. Aandike saa ya kula, alichokula kwa kipimo cha kijiko au kikombe, saa njaa ilipofika, ukali wake kati ya 0 na 10, dalili nyingine, na sukari kama ana kipimo, kabla ya mlo na saa 2 baada yake. Siku ya nane asome muda tu. Ikiwa njaa nyingi zimetua kati ya saa ya 2 na ya 3 baada ya kula, abadili kifungua kinywa kwanza, aache mengine yote kama yalivyo kwa siku 4. Akibadili vitu vitano kwa pamoja hatajua kilichomsaidia ni kipi, na kikimshinda ataviacha vyote. Cha pili kiwe kutembea dakika 10 hadi 15 mara baada ya mlo mkubwa, kwani misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kungoja insulini nyingi. Daftari hilo ndilo la kwenda nalo kwa daktari, pamoja na orodha ya dawa zote na saa zinapomezwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni la mistari miwili. Kila gazeti linapochapa jedwali la mlo wa kupunguza uzito, liandike chini yake gramu za protini za kila mlo, si kalori tu, na liweke onyo kwamba anayechoma insulini au anayemeza dawa za kushusha sukari asianze jedwali hilo kabla dozi yake haijaangaliwa. Jedwali lisiloweza kubeba mistari hiyo miwili halijawa tayari kuchapwa.

Ni mimi msomaji wako,
Mshauri wa lishe